Kalamu ya Fundi wa Ndege

Juma lililopita tulipokea barua kutoka Magamba, katika Wilaya ya Lushoto. Aliyeiandika ni mzee mkulima wa viazi na kabichi, mwanachama wa siku nyingi, ambaye kijana wake anasomea matengenezo ya ndege mjini Dar es Salaam. Kijana huyo alipokwenda nyumbani likizo, baba yake alitazamia kusikia habari za injini na mbawa. Badala yake alionyeshwa rundo la karatasi: kadi za kazi, hati za vipuri, kurasa za vitabu vya kumbukumbu, na kijana akakiri kwamba sehemu kubwa ya muhula ule walikuwa wakifundishwa jinsi ya kuzijaza, kuzihakiki na kuzitunza. Mzee wetu akauliza kwa maneno machache yenye uchungu: je, ameuza ng'ombe wawili ili mtoto wake afanywe karani?

Swali hili ni la haki, nasi hatukuona vema kulijibu kwa barua ya faragha. Lawahusu wafanyakazi wote wa usafiri wa anga nchini, na lawahusu hata wale ambao hawajapata kupanda ndege wala hawatazamii kuipanda. Kutoka Magamba mtu hushuka kwanza Lushoto, kisha Soni, kisha kona zile zote mpaka Mombo, na hapo bado hajafika popote penye ndege. Walakini mambo yaliyotokea kati ya Desemba 2024 na Juni 2025 yana uzito hata kwa mtu wa mlimani.

Tukumbushane. Mwezi Desemba 2024 Tume ya Umoja wa Ulaya iliingiza shirika letu la taifa, Air Tanzania, katika orodha ya mashirika yaliyokatazwa kuruka katika anga ya nchi za Umoja huo, baada ya idara yao ya usalama wa anga kuyakataa maombi ya shirika hilo ya kibali. Mwezi Juni 2025 jambo likawa kubwa zaidi: mashirika yote yenye vyeti vilivyotolewa Tanzania, makubwa kwa madogo, yakaingizwa katika orodha ile ile pamoja na ya nchi ya Suriname iliyo Amerika ya Kusini. Sababu zilizotajwa ni uchache wa wataalamu wenye sifa, udhaifu katika kusimamia urushaji wa ndege na hali ya ndege zenyewe, na kutotimizwa kwa kanuni za kimataifa. Lawama ilielekezwa kwa usimamizi wa nchi nzima, wala si kwa ndege hii au ile.

Wako waliosema kwamba jambo hili halituhusu, maana Air Tanzania haikuwa na safari za kwenda Ulaya. Wanajidanganya. Sheria ya Umoja wa Ulaya yamtaka anayemwuzia msafiri tiketi amweleze ni shirika gani litakalomchukua, na shirika lililomo katika orodha lampa msafiri haki ya kudai fedha yake. Basi Mjerumani atakaye kutoka Arusha kwenda Serengeti kwa ndege ndogo ya abiria kumi na wawili huambiwa na wakala wake kwamba ndege hiyo imo katika orodha. Akighairi safari, mpishi wa kambi, dereva, mbeba mizigo, na kijana wa Lushoto awaongozaye wageni kwa miguu katika msitu wa Magamba, wote huona upungufu mifukoni mwao bila kujua umeanzia wapi.

Wako pia waliokasirika, wakasema huu ni ubeberu uliovaa koti jipya. Hasira hiyo twaielewa. Kanuni za usafiri wa anga wa dunia zilianzia katika Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, wakati Tanganyika ilikuwa haina kiti chake mezani. Baada ya Uhuru tulijiunga na mkataba huo kwa hiari yetu, lakini hata leo nchi yenye nguvu huikagua nchi dhaifu, na ni nadra kusikia kwamba nchi dhaifu imeikagua ile yenye nguvu. Haya ni kweli, na wajumbe wetu wana wajibu wa kuyasema kila wanapoketi na wakubwa wa dunia.

Lakini kusema hayo hakumalizi deni letu. Orodha ya Ulaya isingekuwapo kabisa, bado ndege ya alfajiri iendayo Mwanza, Songea au Mtwara ingebeba wazazi wetu na watoto wetu. Mwezi Desemba 2008, miaka kumi na sita kabla ya Ulaya kutunyoshea kidole, Mamlaka yetu wenyewe ya Usafiri wa Anga iliinyang'anya Air Tanzania cheti chake cha kurusha ndege kwa kutotimiza masharti, kikarudishwa majuma machache baadaye. Waliofanya hivyo walikuwa Watanzania waliokuwa wakitimiza kazi yao. Twawakumbuka kwa heshima, ingawa wakati ule walisemwa sana.

Sasa turudi kwa kijana wa Magamba na rundo lake la karatasi.

Gari likiharibika barabarani Mombo, dereva hushuka, hufungua boneti, huita fundi. Ndege haina kando ya barabara. Rubani anayeipokea asubuhi hawezi kuifungua injini atazame ndani, wala hawezi kujua kwa macho kama breki iliyofungwa usiku ndiyo ile iliyoagizwa, au kama nati ndani ya mkia imekazwa kwa nguvu inayotakiwa. Ana kitabu kimoja tu. Kitabu hicho cha ufundi husafiri na ndege. Humo rubani aliyetangulia ameandika kasoro alizoziona, na chini ya kila kasoro fundi ameandika alichofanya, akatia sahihi yake, namba ya leseni yake, tarehe na mahali. Rubani husoma, na akiridhika hutia sahihi yake kwamba ameipokea ndege. Abiria mia moja na zaidi hupanda kwa kutegemea sahihi hizo mbili. Hakuna kitu kingine.

Watu wa Magamba wataelewa jambo hili upesi kuliko watu wa mjini, maana wameishi na hati za namna hii. Wazee wa huko wanaukumbuka wakati mkulo, mti wenye harufu ya kafuri uliochukua jina lake la kitaalamu kutoka Usambara, ulipokuwa ukipasuliwa mbao. Gogo lilipigwa nyundo ya idara ya misitu, likaandikwa kitabuni, na mbao zikashuka na hati ya njia. Ubao wa mkulo usio na alama wala hati ulikuwa mali ya wizi, hata kama ulikuwa ubao mzuri kuliko wote barabarani. Askari wa kizuizini hakuuliza kama mti ni mzuri. Aliuliza umetoka wapi, nani aliukata, kwa ruhusa ya nani.

Kadhalika mjini Lushoto, Taasisi ya Utafiti wa Misitu hutunza mimea iliyokaushwa na kubandikwa juu ya karatasi, na kila karatasi ina jina la mmea, mahali ulipochumwa, tarehe na jina la aliyeuchuma. Ukiiondoa karatasi hiyo, kinachobaki ni jani kavu lisilomfaa mtaalamu yeyote.

Kipuri cha ndege ni hivyo hivyo. Kikitoka kiwandani au katika karakana iliyoidhinishwa, huja na hati inayotaja namba ya aina yake, namba yake binafsi, kilichofanyiwa, na nani aliyekubali kitumike. Vipo vipuri vinavyozunguka ndani ya injini ambavyo maisha yake huhesabiwa kwa safari, yaani kupaa na kutua mara moja ni safari moja, na hesabu hiyo lazima ifuatike nyuma hata siku kilipozaliwa kiwandani. Kurasa za katikati zikipotea, hakuna anayeweza kusema zimebaki safari ngapi. Chuma kitakuwa kizima, kinang'aa, na bado kitatupwa. Thamani ya fedha nyingi hutupwa kwa sababu ya daftari lililoachwa kwenye banda linalovuja. Ndege ndogo zetu, zitokazo Arusha na kutua katika viwanja vya vumbi vya mbugani mara nyingi kwa siku moja, zahitaji hesabu hii zaidi, kwa kuwa saa zao angani ni chache lakini kutua kwao ni kwingi. Mtu akiandika saa na kusahau idadi ya kutua, amesahau lile linalochosha chuma.

Asidhani mtu kwamba hatari hii ni ya nchi maskini pekee. Mwaka 2023 iligundulika kwamba kampuni moja ya London, AOG Technics, ilikuwa imeuza maelfu ya vipuri vya injini kwa hati za kughushi, na mashirika makubwa ya dunia yakalazimika kuzifungua injini zao kutafuta vilivyoingia. Vipuri vile vilipita kwa sababu mahali fulani mtu aliipokea karatasi bila kumwuliza mtoaji wake kama ni kweli yeye ndiye aliyeitoa. Jambo kama hili hufichuliwa na mtu anayemwuliza mtoaji kama karatasi ni yake kweli.

Sasa kujaza kwenyewe. Wengi hudhani ni kuandika tu. Mathalani, rubani ametua usiku akaandika: breki ya kushoto inavuta. Fundi mvivu huandika chini yake: imekaguliwa, sawa. Neno hili "sawa" tungependa lifutwe katika kila karakana ya nchi hii, maana halimwambii msomaji lolote. Nani alikagua? Alikagua nini? Alifuata kitabu gani? Fundi aliyefunzwa vema huandika kwamba ameibadili breki nzima ya gurudumu la kushoto kwa kufuata ukurasa fulani wa sura ya 32 ya kitabu cha matengenezo, na sura ya 32 ni ya magurudumu na miguu ya kutulia kwa kila aina ya ndege kubwa, ili fundi wa Tanga na wa Toronto waelewane. Huandika namba ya breki iliyotoka na namba ya iliyoingia, namba ya hati iliyokuja nayo, jaribio alilofanya na matokeo yake. Ndipo hutia sahihi. Huandika kwa wino. Akikosea hapaki rangi nyeupe wala hachani ukurasa. Hupiga mstari mmoja ili kosa lisomeke, huandika lililo sahihi pembeni, na hutia sahihi tena. Kosa linaloonekana halimdhuru mtu.

Zipo kazi ambazo sahihi moja haitoshi. Akigusa nyaya au vyuma vinavyoendesha usukani wa ndege, lazima mtu wa pili mwenye idhini akague upya kwa macho yake mwenyewe na kutia sahihi yake. Twasikia kwamba katika baadhi ya karakana mtu wa pili hutia sahihi huku akinywa chai, kwa kumwamini mwenzake. Huo si undugu. Kama ni undugu, basi abiria nao ni ndugu.

Na zipo kasoro ambazo haziwezi kutengenezwa usiku ule ule, kwa kuwa kipuri hakipo. Hapa kuna orodha iliyoidhinishwa na Mamlaka, inayosema ni kifaa gani kikiharibika ndege bado yaweza kuruka, na kwa masharti gani. Kila kasoro huwekwa katika daraja lake: nyingine hupewa siku 3, nyingine 10, nyingine 120. Kazi ya kuzihesabu siku hizo ni ya ofisi ya kumbukumbu. Karani wa ofisi hiyo asipohesabu, siku ya 11 ndege huruka bila kibali na hakuna aliyejua, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake anahesabu. Twawaomba wakubwa wanaoipeleka ofisi hiyo watu waliowashinda mahali pengine, na kuiona kama adhabu, waifikirie tena siku ya 11.

Kuna kisa kimoja ambacho tungetaka kila mwanafunzi wa ufundi wa ndege akijue. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 1991, katika karakana ya Houston huko Marekani, mafundi wa shirika la Continental Express walikuwa wakibadili mipira ya kuondolea barafu kwenye mkia wa ndege ndogo ya abiria. Mmoja wa zamu ya jioni aliondoa parafujo 47 upande wa juu kushoto. Zamu ikabadilika. Kazi ile haikuandikwa mahali ambapo zamu ya pili ingeisoma. Hao wapya wakaona muda hautoshi, wakafanya upande wa kulia peke yake, wala hawakujua kwamba upande wa kushoto tayari ulikuwa umelegezwa. Ndege ikatolewa. Asubuhi ikaenda Laredo salama, na katika kurudi, kipande cha mbele cha mkia kikang'oka angani. Watu 14 wakafa. Hakuna chuma kilichokuwa kibovu, wala fundi asiyejua kufunga parafujo. Palikosekana mstari mmoja wa maandishi.

Wachunguzi waliwalaumu mafundi na wasimamizi wao kwa kutofuata taratibu. Lakini mmoja wa wajumbe wa bodi ile ya uchunguzi, John Lauber, alikataa kuishia hapo. Alisema kwamba wakubwa wa shirika nao walikuwa sehemu ya chanzo, kwa kuwa hawakujenga katika kazi yao tabia ya kuzifuata taratibu. Maneno yake yalikuwa ya upande ulioshindwa siku ile. Leo hufundishwa duniani kote.

Twaomba wafanyakazi wayapime maneno ya Lauber, maana hapo ndipo lilipo jambo zito kuliko mengine katika makala hii. Miaka mitano baadaye, tarehe 11 Mei 1996, ndege ya ValuJet ilishika moto ikaanguka katika vinamasi vya Florida, wakafa watu 110. Ilibeba mizigo ya vyombo vya kutengenezea hewa ya oksijeni vilivyotolewa katika ndege nyingine, navyo havikuwekewa vifuniko vya usalama. Kadi ya kazi ilisema vimewekwa. Ilikuwa na sahihi. Karakana haikuwa na vifuniko hivyo, kazi ilikuwa ikikimbizwa, na wanaume wazima wakatia sahihi juu ya jambo ambalo mikono yao haikulifanya.

Kwa nini mtu hutia sahihi namna hiyo? Tumezungumza na mafundi wa makamo, nao husema mambo yanayofanana. Saa saba ya usiku simu hulia. Ndege ya saa kumi na mbili lazima iondoke. Mkubwa hasemi "andika uongo". Mkubwa husema "tusaidiane". Fundi ana watoto, ana mkopo, na mkataba wake wa kazi unaisha mwezi ujao. Basi huandika sawa. Siku nyingine zote hakuna linalotokea, na kwa sababu hakuna linalotokea, huanza kuamini kwamba karatasi haina maana. Hivyo ndivyo ubovu unavyoingia katika nyumba njema.

Sheria yenyewe imempa fundi mwenye leseni uwezo ambao si mkurugenzi wala waziri anao. Bila sahihi yake ndege haiondoki. Mkurugenzi aweza kumfukuza kazi, lakini hawezi kuitia sahihi kwa niaba yake. Huu ndio mfano ulio wazi kabisa wa mamlaka mikononi mwa mfanyakazi, nasi twashangaa kuona jinsi vyama vya wafanyakazi vinavyoutumia kwa nadra. Hujadiliana juu ya posho ya usiku, na hilo ni jema. Ni lini wamedai, kwa maandishi katika mkataba wa hali bora za kazi, kwamba fundi aliyekataa kutia sahihi hatahamishwa, hatanyimwa cheo wala hataachishwa kazi kabla ya sababu zake kusikilizwa na mtu asiye mkubwa wake? Na wanachama wetu walio katika bodi za mashirika ya umma, je, wamewahi kuuliza katika kikao ni mara ngapi mwaka huo fundi alikataa, na kilimpata nini? Kama jibu ni kwamba hakuna hata mmoja aliyekataa, hiyo si habari njema.

Wako watakaosema kompyuta imekwisha kuyamaliza haya. Ni kweli kwamba kumbukumbu nyingi sasa huwekwa katika mashine, na mashine huhesabu siku vizuri kuliko karani aliyechoka. Lakini sahihi imegeuka kuwa neno la siri, na neno la siri huazimwa kwa urahisi wa kutisha. "Ingia kwa jina langu, niko njiani nakuja." Aliyesema hivyo ameazima leseni yake, na siku ya ajali wachunguzi watakapozichukua kumbukumbu zote, jambo ambalo hufanywa saa ile ile, jina litakaloonekana ni lake.

Na kuna lugha. Kijana wa Magamba alizungumza Kisambaa kwa mama yake, akasoma Kiswahili shule ya msingi, akakutana na Kiingereza sekondari. Vitabu vya ndege vyote ni vya Kiingereza. Watengenezaji wa ndege wenyewe waliona taabu hii. Tangu miaka ya 1980 wametumia Kiingereza kilichopunguzwa, chenye maneno ya kawaida kama 900 tu, kila neno likiwa na maana moja, kwa ajili ya mafundi wasiozaliwa na lugha hiyo. Kama Wazungu walikubali kupunguza maneno yao kwa ajili yetu, hatuoni kwa nini sisi tusite kumwelewesha kijana maana kwa Kiswahili darasani, kisha ajaze kwa Kiingereza kazini. Baraza la Kiswahili la Taifa lingefanya kazi ya thamani kubwa kama lingeketi na mafundi, wala si wasomi peke yao, likatoa kijitabu cha maneno ya karakana. Mwanafunzi anayekariri sentensi asiyoielewa ndiye fundi atakayeandika sawa.

Twasema haya kwa kuwa nafasi ipo. Wakati wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1946, karakana kuu ilikuwa Embakasi, Nairobi, na huko ndiko ulikokuwa ujuzi pia. Shirika lilipokufa mwaka 1977 Tanzania ilijikuta na shirika jipya na ujuzi mchache. Kwa miaka mingi kijana aliyetaka kazi hii alitafuta nafasi Soroti, Nairobi au Addis Ababa. Sasa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji chafundisha matengenezo ya ndege Dar es Salaam, na tangu mwaka 2016 nchi imenunua ndege mpya moja baada ya nyingine kwa fedha za wananchi. Ndege hununuliwa kwa hundi, na picha hupigwa zikitua. Mtu wa kuandika kitabu chake kwa uaminifu kwa miaka ishirini hanunuliwi, wala hapigwi picha.

Kwa hiyo twamjibu mzee wetu. Mwanawe hafundishwi ukarani, na ng'ombe wake hawakupotea. Walakini kijana naye ana karatasi yake mwenyewe, ambayo huenda hakumwonyesha baba yake. Kila mwanafunzi wa kazi hii huwa na kitabu cha kumbukumbu za kazi zake: tarehe, ndege, kazi aliyoifanya, na sahihi ya fundi mwenye leseni aliyemsimamia. Bila kitabu hicho kujaa haki yake, Mamlaka haitampa leseni, hata akiwa wa kwanza katika mtihani. Kijana atakaporudi Magamba likizo ijayo, mzee na amwambie akilete. Wakae barazani wakifungue pamoja, na baba aulize juu ya kila ukurasa: hii uliifanya kwa mikono yako?